SOMO KWA WAJUMBE: DAFTARI LINALOPIGA HESABU NDANI YAKE



Somo hili tunaliandikia wajumbe wa wafanyakazi wa Rusizi: wa saruji Bugarama, wa chai Shagasha, wa mpunga bondeni, na kila aliyekabidhiwa daftari la tawi. Linahusu namna ya kutumia kompyuta kuandika kumbukumbu ambazo ndani yake hesabu hupigwa papo hapo, chini ya maelezo yake. Msomaji asiliogope neno kompyuta. Anayejua kuandika barua na kuzidisha anaweza kulifuata somo hili hadi mwisho.

1. KOSA LETU LA MWAKA 2025

Tuanze na kosa letu wenyewe, maana chama kisichokubali makosa yake hakiwezi kufundisha.

Mwishoni mwa Januari 2025 wenzetu wengi walifungua karatasi ya malipo wakakuta makato ya pensheni yameongezeka maradufu. Aliyezoea kukatwa faranga 2520 alikatwa faranga 5040. Watu walikuja kwa wajumbe wakisema: tumeibiwa. Usiku ule tuliketi, kila mjumbe na simu yake mkononi, tukapiga hesabu. Kila mmoja alipata jumla yake. Mwishowe tukachagua jumla moja iliyoonekana kuwa ya haki, tukaiandika kwenye kipande cha karatasi, na asubuhi tukaenda nayo ofisini.

Mhasibu hakututukana wala hakutufukuza. Aliuliza neno moja tu: "Mmeipataje?" Tukatazamana. Aliyepiga hesabu hiyo alikuwa zamu ya usiku, amelala nyumbani, na simu yake ilikuwa imekwisha kufuta kila kitu.

Kumbe dai letu lilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza haikuwa haki yetu. Tangu Januari 2025 mchango wa pensheni nchini Rwanda ni asilimia 12 ya mshahara, mfanyakazi asilimia 6 na mwajiri asilimia 6. Kabla ya hapo kila upande ulitoa asilimia 3. Makato yalipanda kwa sheria, na mwajiri naye alipandishiwa. (Ile asilimia 2 ya ajali za kazini mwajiri huilipa peke yake.) Sehemu ya pili ilikuwa haki kabisa: wenzetu kadhaa walikuwa na siku za kazi ambazo hazikuandikwa. Lakini tulikuwa tumezichanganya sehemu zote mbili katika jumla moja, wala hatukuweza kuzitenganisha. La haki likazama pamoja na lisilo haki. Ilitubidi kuanza upya, na mwezi mzima ulipita kabla ya siku zile kulipwa.

Fundisho tulilolipata ni hili: jibu lisiloambatana na hesabu yake ni uvumi. Hata likiwa sahihi, hakuna awezaye kulitetea.

2. DAFTARI TUNALOLIHITAJI

Daftari la karatasi linaonyesha hesabu, nalo ni jema. Udhaifu wake ni kwamba namba moja ikibadilika, kila kitu kilicho chini yake hubidi kupigwa upya kwa mkono, na hapo ndipo makosa huingia. Kikokotoo cha simu nacho hakikosei kuzidisha, lakini hakikumbuki wala hakielezi.

Tunahitaji kitu cha tatu, kinachounganisha mema ya viwili hivi: maelezo kwa lugha yetu, hesabu chini ya maelezo, na jibu chini ya hesabu, vyote katika ukurasa mmoja. Atakayekuja baadaye asome maelezo, aitazame hesabu, aipige tena mwenyewe, aone kama jibu ni lile lile.

Wazo hili si geni. Mwaka 1984 mtaalamu wa Marekani, Donald Knuth, alishauri kwamba maagizo ya kompyuta yaandikwe kama insha ya kusomwa na binadamu, huku maagizo yenyewe yakiwa ndani ya insha hiyo. Chombo tulichokichagua sisi kinaitwa Emacs. Ni programu ya kuandikia maandishi matupu, yasiyo na mapambo. Ilianzia mwaka 1976 katika chuo cha MIT, na mwaka 1985 Richard Stallman alitoa toleo la GNU Emacs, ambalo kila mtu ana ruhusa ya kulitumia, kulichunguza, kulirekebisha na kumgawia mwenzake. Mwaka 2003 Carsten Dominik, mwanafalaki afanyaye kazi Uholanzi, aliitengenezea sehemu ya kutunzia kumbukumbu iitwayo Org. Kisha Eric Schulte na Dan Davison wakaleta Babel, kazi iliyoingizwa ndani ya Org mwaka 2010, na ndiyo inayowezesha hesabu kupigwa katikati ya kumbukumbu.

Programu hii haina ada. Ni mali iliyojengwa na wengi kwa ajili ya wengi, jambo ambalo mwanachama wa chama cha wafanyakazi hahitaji kuelezwa mara mbili. Zaidi ya hayo, faili lake ni maandishi matupu. Hata kompyuta isiyo na Emacs italifungua na kulisoma, na linaweza kuchapwa kwenye karatasi bila kupotea neno.

3. KUANZA

Maagizo ambayo kompyuta huyatekeleza wataalamu huyaita kodi. Sisi katika somo hili tutasema amri, maana kwa mfanyakazi kodi ni ile inayokatwa kwenye mshahara, na mambo haya mawili yasichanganywe.

Fungua Emacs. Shikilia kitufe cha Ctrl, bonyeza x kisha f. Mstari wa chini kabisa wa skrini utakuuliza jina la faili. Andika hesabu.org, kisha bonyeza Enter. Herufi za mwisho, yaani .org, ndizo zinazoiambia Emacs kwamba hili ni daftari la kumbukumbu. Sasa andika:

* Jaribio la kwanza
Tunataka kujua siku 26 mara saa 8 ni saa ngapi.

#+begin_src emacs-lisp
(* 26 8)
#+end_src

Kwenye kibodi ya Kifaransa, alama ya # hupatikana kwa kushikilia AltGr na kubonyeza 3.

Tueleze tulichoandika. Mstari wenye nyota ni kichwa cha habari. Unaofuata ni maelezo, na kompyuta haiyagusi. Mstari unaoanza na #+begin_src hufungua kipande cha amri, na #+end_src hukifunga. Neno emacs-lisp ni jina la lugha ya amri hizo. Tumeichagua kwa sababu imo ndani ya Emacs yenyewe, hakuna cha kuongeza.

Ndani ya mabano, alama ya kazi hutangulia na namba hufuata. Shuleni tulizoea kuandika 26 × 8, lakini kwa mdomo husema hivi: zidisha 26 kwa 8. Neno la kazi linaanza. Basi soma mabano yale kama unavyosema: nyota ni zidisha, + ni jumlisha, - ni toa, na / ni gawanya.

Weka kishale ndani ya kipande hicho. Shikilia Ctrl, bonyeza c mara mbili. Emacs itauliza kwa Kiingereza kama kweli unataka amri hiyo itekelezwe. Andika yes, bonyeza Enter. Chini ya kipande patatokea:

#+RESULTS:
: 208

Jibu limejiandika ndani ya daftari, chini ya hesabu iliyolizaa. Hifadhi kazi yako kwa Ctrl na x, kisha Ctrl na s.

4. HESABU YA PENSHENI

Sasa turudi kwenye lile lililotuaibisha. Tuchukue mshahara wa mfano wa faranga 84000.

* Mchango wa pensheni wa mfanyakazi
Kiwango cha mfanyakazi tangu Januari 2025 ni asilimia 6. Zamani kilikuwa 3.

#+begin_src emacs-lisp
(setq mshahara 84000)
(setq asilimia 6)
(/ (* mshahara asilimia) 100)
#+end_src

#+RESULTS:
: 5040

Neno setq maana yake ni: lipe jina hili namba hii. Majina ni yako. Unaweza kuandika mshahara, au umushahara kwa Kinyarwanda. Kompyuta haina upendeleo, mradi usibadili jina katikati ya njia. Mstari wa mwisho husomwa kutoka ndani kwenda nje: zidisha mshahara kwa asilimia, kisha gawanya kwa 100.

Futa 6, weka 3, bonyeza tena Ctrl na c mara mbili. Jibu linageuka 2520. Kumbe ndizo zile namba mbili zilizotugombanisha na ofisi! Laiti tungekuwa na ukurasa huu Januari ile, tungeona katika dakika moja kwamba tofauti yote ya faranga 2520 imetoka kwenye mabadiliko ya kiwango, na tungekwenda ofisini na dai la siku za kazi peke yake.

Ukurasa huu utatufaa tena. Mchango umepangwa kuendelea kupanda asilimia 2 kila mwaka kuanzia 2027, hadi kufikia asilimia 20 mwaka 2030, mfanyakazi na mwajiri wakigawana nusu kwa nusu. Kila mara tutabadili namba moja tu, pamoja na sentensi ya maelezo iliyo juu yake.

5. MIZANI YA WIKI

Wachumaji wa chai hulipwa kwa kilo, na kila jioni mizani husomwa. Mjumbe akitaka kutunza kilo za mchumaji, ataandika jedwali hivi (namba ni za mfano):

#+name: mizani
| Jumatatu  | 41   |
| Jumanne   | 38.5 |
| Jumatano  | 44   |
| Alhamisi  | 36   |
| Ijumaa    | 40   |
| Jumamosi  | 29   |

#+begin_src emacs-lisp :var siku=mizani
(apply '+ (mapcar 'cadr siku))
#+end_src

#+RESULTS:
: 228.5

Mstari wa kwanza umelipa jedwali jina: mizani. Maneno :var siku=mizani yanasema: chukua jedwali lile, ndani ya hesabu hii liite siku. Amri yenyewe inasema: katika kila mstari chukua kitu cha pili, yaani kilo, kisha vyote vijumlishe. Huna haja ya kuikariri. Inakili kama ilivyo, na jedwali likiongezeka siku hesabu itazifuata.

Faida yake ni hii. Mchumaji akisema Jumanne hakuwa na 38.5 bali 42, na karani akasema la, mabishano ni juu ya mstari mmoja tu wa siku moja, wala si juu ya wiki nzima. Cheti cha mizani cha Jumanne kikiletwa, namba inasahihishwa, hesabu inapigwa mbele ya wote wawili, yamekwisha.

6. MITEGO MINNE

Tumenaswa na mitego hii, basi ninyi msinaswe.

Mtego wa kwanza ni nukta na mkato. Wengi wetu huandika 84.000 tukimaanisha elfu themanini na nne. Emacs husoma hiyo kuwa themanini na nne tu, na mchango wa pensheni utatoka 5.04! Andika 84000 bila alama yoyote katikati. Nusu nayo iandikwe kwa nukta: 38.5. Ukiandika 38,5 ndani ya jedwali, litachukuliwa kuwa neno, na hesabu itakataa.

Mtego wa pili ni kugawanya. Lugha hii ikigawanya namba nzima kwa namba nzima, hutupa masalio. Amri (/ 7 2) hutoa 3, na ile nusu inapotea kimya. Ukitaka nusu, andika (/ 7 2.0) upate 3.5. Hatari kubwa zaidi ni kugawanya mapema. Mjumbe mmoja aliandika (* mshahara (/ asilimia 100)), akapata sifuri. Kwa nini? Kwa sababu 6 kugawanya kwa 100 ni chini ya moja, masalio yakatupwa, na mshahara ukazidishwa kwa sifuri. Zidisha kwanza, gawanya mwisho.

Mtego wa tatu ni jibu lililochacha. Ukibadili namba bila kubonyeza Ctrl na c mara mbili, jibu la zamani hubaki pale pale chini, likionekana kama la leo. Jibu halijigeuzi lenyewe.

Mtego wa nne ni kumbukumbu iliyofichika. Emacs ikishapewa mshahara kwa setq, huukumbuka mpaka ifungwe, hata kama mstari wenyewe umekwisha kuufuta. Hesabu inaweza kutoa jibu kwako, kisha ikashindwa kwa mwenzako. Kwa hiyo, kabla ya kwenda na ukurasa kwa mwajiri, hifadhi, funga Emacs, ifungue upya, kisha piga hesabu zote kuanzia juu: Ctrl na c, Ctrl na v, halafu b. Kama majibu ni yale yale, ukurasa wako umesimama.

7. TAHADHARI

Amri inayoweza kujumlisha kilo inaweza pia kufuta mafaili yote ya tawi. Ndiyo maana Emacs huuliza kabla ya kutekeleza. Usiizime kinga hiyo kwa uvivu wa kuandika yes. Ukiletewa faili na mtu, hata rafiki kutoka ng'ambo ya mto kule Bukavu, soma kila kipande kwanza. Usichokielewa usikitekeleze, mwulize aliyekileta akueleze.

Pia, mshahara wa mtu ni siri yake. Katika daftari la tawi tumia namba ya mwanachama badala ya jina lake, na orodha ya majina itunzwe pengine.

Tena, umeme hukatika na kompyuta huharibika. Kila mwisho wa mwezi, chapeni kurasa zenye madai na kuziweka kwenye jalada. Daftari la karatasi halijastaafu.

La mwisho ndilo kubwa. Kompyuta haijui haki. Ukiipa kilo za uongo itajumlisha uongo bila kukosea hata gramu moja. Ukweli unatoka kwenye mizani, kwenye kitabu cha mahudhurio, na kwa mwenzako anayethubutu kusema, "Siku ile nilikuwepo kazini." Kazi ya ukurasa huu ni kuulinda ukweli huo usipotee njiani kati ya shamba na ofisi.

8. MASWALI YA KUJIPIMA

Jadilianeni maswali haya katika tawi, wawili wawili kwenye kompyuta moja: mmoja aandike, mwingine asome kwa sauti.

(a) Mwanachama ana mshahara wa faranga 96000. Mchango wake wa pensheni ni faranga ngapi kwa kiwango cha asilimia 6? Mwaka 2027, kiwango chake kikiwa 7, utakuwa ngapi? (Mkipata 5760 na 6720 mmepatia.)

(b) Mnakuta ukurasa wenye mshahara 84000 na asilimia 7, lakini jibu chini yake ni 5040. Mwandishi alisahau nini? Jibu la kweli ni lipi?

(c) Katika jedwali la mizani, ongezeni Jumapili yenye kilo 12.5. Jumla mpya ni ngapi, na je, mlilazimika kugusa amri?

(d) Chukueni dai moja la kweli lililowahi kuletwa katika tawi lenu. Liandikeni katika ukurasa: maelezo, hesabu, jibu. Kisha mpeni mwenzenu ambaye hakuwepo, naye aeleze dai hilo kwa kusoma tu. Akishindwa, kosa si lake. Maelezo yenu hayajatosha.

Ndugu, swali la mhasibu yule hatutalisahau. Aliuliza kwa haki, nasi hatukuwa na jibu. Siku nyingine mjumbe akiulizwa, "Mmeipataje?", afungue ukurasa, auelekeze kwa muulizaji, aseme: tumeipata hivi, piga mwenyewe.

Umoja wetu uendelee.